Koki Aandika Azimio la Lita Moja

Mimi ni mwalimu wa ngumbaru. Jioni ninawafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika chumba cha kanisa hapa Kariobangi. Mchana sina kazi nyingi, kwa hivyo napata nafasi ya kuona mambo ya watu. Majirani husema mimi ni mdadisi. Sikatai. Mwalimu asiyeuliza maswali atafundisha nini?

Mwaka wa 1983 nilikuwa nimepanga chumba katika ploti yenye vyumba kumi na viwili na mfereji mmoja. Kila asubuhi wanawake walipanga ndoo zao kwa foleni. Walifua nepi, wakasugua masufuria, wakapeana habari. Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa Mama Matheka, mjane kutoka Machakos. Mama huyo alikuwa ameokoka, na hakuwa na mzaha katika wokovu wake. Alikaa na mwanawe Matheka, dereva wa lori, pamoja na mke wa Matheka, Ndindi. Mtoto wao Ngui alikuwa na miezi minane.

Binti mdogo wa Mama Matheka aliitwa Koki. Alikuwa akisomea uuguzi, mwaka wa pili. Siku za kazi alilala bwenini hospitalini. Jumapili akipata ruhusa alikuja nyumbani kula na kucheka na watu wake.

Jumapili moja mwezi wa tano, Koki alifika akakuta nyumba imenuna. Hakuna aliyecheka. Mama Matheka alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe kwa hasira. Ndindi alikuwa ndani na mtoto mgongoni.

"Hamjambo?" Koki aliuliza. "Mbona kimya hivi?"

"Muulize mke wa kaka yako," Mama Matheka alisema. "Mtoto alilazwa kwa kuhara, akatoka hospitali Jumatatu akiwa mzima. Jumatano amerudishwa akitingishika mwili mzima. Tulidhani tumempoteza. Na unajua wameandika nini kwenye kadi? Soma mwenyewe."

Koki alichukua kadi. Palikuwa na maneno matatu: *Mama hakufuata maagizo.*

Nilikuwa mlangoni kwangu, nikisikia yote. Nakuambia, maneno hayo matatu yaliiumiza nyumba ile kuliko ugonjwa wenyewe. Mama Matheka aliyarudia mfereji mzima ukasikia. Ndindi akienda kuteka maji, wanawake walinyamaza. Hata Matheka, mtu mpole, alikuwa amemwambia mkewe kwamba safari nyingine mtoto akiugua, atamwachia Mama Matheka amuuguze, si yeye. Fikiria kuambiwa hivyo juu ya mtoto uliyemzaa.

Koki aliingia ndani akakaa kitandani karibu na Ndindi. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikaribishwa chai, kwa hivyo nilisikia.

"Mama Ngui, pole," Koki alisema. "Sikuja kukulaumu. Nataka kujua tu. Walikupa dawa gani ya kuhara?"

"Ile pakiti ya unga. Walisema nichanganye na maji."

"Ulichanganya na maji kiasi gani?"

Ndindi alimfunga mtoto upya mgongoni, ingawa alikuwa amefungwa vizuri.

"Kikombe kimoja," alisema mwishowe.

Koki alishtuka. Pakiti ile ni ya lita moja ya maji. Ukiitia katika kikombe kimoja, chumvi inakuwa nyingi mno. Mtoto akiinywa, chumvi inazidi mwilini na inaweza kumdhuru sana. Ndiyo maana Ngui alitingishika.

"Lakini hawakukuambia kipimo?"

"Waliniambia. Sista wa wodi alisema chupa mbili."

"Basi kwa nini hukupima kwa chupa mbili?"

Ndindi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Chupa mbili za nini, Koki? Maliza maneno."

Koki alisema polepole, "Za bia."

"Ehe. Za bia. Sasa niambie, mimi nitatoa wapi chupa ya bia? Niende baa niombe? Niiweke wapi katika chumba hiki? Akina mama wa ushirika wa kanisa wanakuja hapa kila Alhamisi kuomba. Wakiona chupa ya bia chini ya kitanda, mama yako atajificha wapi? Matheka aliacha pombe juzi tu. Hata yeye angefikiri anajaribiwa." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake haikutetemeka. "Sista alikuwa na haraka. Kulikuwa na foleni. Niliona haya kumwambia nimeokoka, chupa hiyo siwezi. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nilipofika nyumbani nikakisia."

Huko nje Mama Matheka aliacha kuchambua maharagwe.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kuwaza. Chupa ya bia ni nusu lita. Chupa mbili ni lita moja. Ni kipimo kizuri, tena rahisi kwa mtu aliye na chupa. Lakini Kariobangi nzima, nani hana jirani aliyeokoka? Je, Ndindi alikuwa peke yake?

Koki hakuwaza hivyo. Koki alikasirika. Jumapili iliyofuata alinibishia hodi na karatasi nne mkononi.

"Mwalimu, nisahihishie Kiswahili," alisema. "Umoja wetu wa wanafunzi wauguzi una mkutano mkuu mwezi wa nane. Shule saba zitakuja. Mwanafunzi yeyote anaweza kupeleka hoja. Nataka jambo hili lijulikane."

Nilisoma. Barua ilianza, "Mimi mtumishi wenu mnyenyekevu naomba kwa heshima na taadhima." Baada ya unyenyekevu huo, ilimrukia Sista wa wodi ya watoto kwa jina. Ilisema hajali, ana kiburi, na afaa kuhamishwa. Ukurasa wa pili ulihusu uji mwepesi wa bwenini. Ukurasa wa tatu ulihusu viatu vya kazi, likizo, na mlinzi wa geti. Kisa cha Ndindi kilikuwa na mistari sita.

Nami, kwa ujinga wangu, nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kusahihisha nukta na herufi kubwa. Ndiyo kazi niliyoijua. Nilipofika ukurasa wa tatu nikahisi kuna kasoro ambayo kalamu nyekundu haiwezi kuitibu.

"Koki," nilisema, "twende kwa Mama Muturi."

Mama Muturi, jina lake hasa Lenah, alikaa chumba cha mwisho karibu na lango. Aliuza nguo za mitumba katika soko la Gikomba, na alikuwa katibu wa chama cha wenye vibanda vya upande wao. Darasa la saba ndilo lililokuwa mwisho wake shuleni. Lakini mama huyu alijua mikutano kama mshonaji anavyojua kitambaa. Tulimkuta akipiga pasi masweta ya kuuza kesho yake. Alisoma kurasa zote nne amesimama, pasi ikiwa pembeni.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni hoja yangu ya mkutano," Koki alisema.

"Hapana, mwanangu. Mwanzo ni kuomba, katikati ni kushtaki, mwisho ni kunung'unika. Hoja iko wapi? Mimi sijaiona."

Koki aliona haya. Mama Muturi alimvutia kiti.

"Kaa. Ngoja nikuulize. Unataka watu wa mkutano wakubali nini? Niambie kwa pumzi moja."

"Kwamba Sista yule anafanya vibaya."

"Wakikubali hivyo, kesho mama mwingine aliyeokoka akifika pale ataambiwa apime na nini?"

Koki alifikiri. "Chupa mbili za bia."

"Na Sista akihamishwa, atakayekuja atasema nini?"

"Atasema hivyo hivyo. Ndivyo tunavyofundishwa."

"Tunavyofundishwa? Kumbe. Na wewe ulipokuwa wodi ya watoto mwaka jana, uliwaambiaje akina mama?"

Niliona uso wa Koki ukibadilika, nikamhurumia.

"Niliwaambia chupa mbili za bia," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku. Labda mama mia. Wote walinijibu ndiyo."

"Basi Sista si adui yako," Mama Muturi alisema. "Desturi ndiyo mbaya. Azimio halimpigi mtu, azimio hubadilisha desturi. Ukitaja jina la mtu, mkutano mzima utagawanyika, huyu upande wake, huyu upande wako, na mtoto atasahauliwa. Tena wewe ni mwanafunzi. Wanaweza kukufukuza shule, na watakuwa na sababu."

"Sasa nifanye nini na uji na viatu?"

"Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika saba. Azimio moja, jambo moja. Uji una mwaka wake."

Kisha alitoa daftari kubwa la chama chao chini ya godoro. Alitufungulia ukurasa mmoja. Miaka miwili nyuma moto ulikuwa umeteketeza vibanda vyao kwa sababu njia ilizibwa na marobota. Alitusomea walivyoandika.

"*Kwa kuwa* moto ulipotokea mikokoteni ya maji ilishindwa kupita. *Na kwa kuwa* tulipima njia tukaikuta ni hatua moja tu. *Kwa hivyo mkutano huu unaazimia* kwamba kila mwenye kibanda aache njia ya hatua tatu mbele ya kibanda chake, na kamati ikague kila Jumamosi."

"Ni hayo tu?" Koki aliuliza.

"Ni hayo tu. Tazama. Kwanza nasema shida iko wapi. Halafu nasema nimejuaje. Sijasema 'nasikia', nimesema tulipima. Mwisho nasema tunataka kitendeke nini, nani akitende, na lini. Ningeandika 'serikali itusaidie', daftari lingekaa chini ya godoro mpaka leo."

"Na ukishapitisha azimio linakuwa sheria?"

"Wapi. Azimio ni sauti ya mkutano. Linapelekwa kwa mwenye uwezo wa kutenda. Kwa hivyo lazima ujue ni nani huyo, na umwambie jambo analoweza kulifanya." Alichukua tena pasi yake. "Lakini bado hujafika huko. Una Ndindi mmoja. Mtu mmoja wataita bahati mbaya. Nenda ukaulize wengine."

"Niwaulize wakati wananidanganya ndiyo, ndiyo?"

"Uliza vizuri. Kuuliza si ujinga. Usimwambie 'Ulifuata maagizo?' Mwambie 'Nyumbani ulipima na nini?'"

Swali hilo lilinipendeza mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo nalitumia darasani.

Koki alirudi shuleni akamweleza mwalimu wake, Bwana Kinyanjui. Ilibidi amweleze, maana mwanafunzi hawezi kuwahoji wagonjwa bila ruhusa. Bwana Kinyanjui alikuwa mtu wa maneno machache. Alimruhusu kwa masharti: asiandike jina la mama yeyote, asimlazimishe mtu kujibu, na yule atakayeonekana amekosea kipimo aelekezwe papo hapo kabla hajaondoka.

Kwa wiki nne, saa za mapumziko, Koki alikaa na akina mama waliowarudisha watoto wao wanaohara. Aliwauliza arobaini. Jumapili alikuja kutusimulia, nasi tulimngoja kwa hamu mfereji mzima.

Loo, majibu. Mmoja alipima kwa kopo la maziwa ya unga. Mmoja alitia unga wa pakiti kidogo kidogo katika uji, akidhani ni sukari ya hospitali. Mwingine alitumia chupa ya bia kweli, lakini moja tu, kwa sababu ya pili ilivunjika. Mwingine aligawa pakiti nusu kwa nusu ili mtoto wa jirani naye apate. Mama mmoja wa Kiislamu alisema hata kama angepewa chupa hiyo bure asingeigusa. Kati ya hao arobaini, ishirini na tisa hawakupima lita moja. Kumi na saba walisema wazi kwamba chupa ya bia haiwezi kuingia kwao kwa sababu ya dini au kwa sababu ya mume anayejaribu kuacha pombe.

"Na wote walisema ndiyo wodini?" nilimuuliza.

"Wote, mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana."

Ndindi alikuwa akifua hapo mferejini. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama ndani ya povu. Alikuwa amebeba aibu kwa miezi miwili akidhani ni yake peke yake, na kumbe kulikuwa na wenzake kumi na saba.

Sasa Koki aliandika upya. Kurasa nne zikawa ukurasa mmoja. Alisoma mbele ya Mama Muturi, akakatwa maneno. Alisoma mbele yangu, nikaweka nukta. Halafu, hili lilikuwa wazo lake mwenyewe, alimsomea Ndindi.

"Umeelewa, Mama Ngui?"

"Nimeelewa. Lakini hapo unaposema 'akina mama wasio na elimu', mimi nimefika darasa la sita. Kosa langu halikuwa elimu."

Koki alifuta maneno hayo. Alipata pia mwenzake wa kuunga mkono hoja, maana hoja isiyoungwa mkono haijadiliwi. Akaipeleka kwa katibu wa umoja wiki tatu kabla ya mkutano, kama kanuni zao zilivyotaka.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika ukumbi mmoja huku kwetu Eastlands. Wageni waliruhusiwa kukaa nyuma bila kusema. Mimi na Mama Muturi tulikaa nyuma. Mama Muturi alifunga kibanda chake siku ya soko, jambo ambalo sijaliona tena.

Wanafunzi kama tisini walikuwa wameketi kwa shule zao, wasichana wengi na wavulana wachache. Koki alipoitwa, alisimama na karatasi yake. Alisoma:

"Kwa kuwa pakiti ya maji ya chumvi huponya mtoto anayehara ikichanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na humdhuru ikiwa maji ni machache, na kwa kuwa sisi wauguzi huwaambia akina mama wapime kwa chupa mbili za bia, na kwa kuwa kati ya mama arobaini walioulizwa kwa wiki nne, ishirini na tisa hawakupima lita moja, na kumi na saba hawawezi kuweka chupa ya bia nyumbani, kwa hivyo mkutano huu unaazimia kwamba matroni wa hospitali zetu waombwe kumpa kila mama chupa ya plastiki ya lita moja kabla ya kutoka wodini, kuanzia Januari."

Kisha akaongeza maneno ambayo hayakuwa katika karatasi. "Mimi mwenyewe niliwaambia akina mama chupa za bia. Sikumuuliza hata mmoja kama anayo. Simlaumu mtu."

Mwenzake aliunga mkono. Mwenyekiti akafungua mjadala. Msichana mmoja mrefu, aitwaye Wakiuru, alisimama.

"Mwenyekiti, shida naikubali. Lakini chupa za plastiki zitatoka wapi? Kwetu hospitalini hata bakuli za kuogea watoto hazitoshi. Matroni atasoma hapa, atacheka, ataweka kando. Mimi nitaipinga."

Watu walipiga meza kumuunga mkono. Mwingine akasimama akasema hivyo hivyo. Wa tatu akasema afadhali jambo hili lingojee mwaka ujao. Mama Muturi alinifinya paja. "Inazama," alininong'oneza. "Na kosa ni langu. Nilimwambia ataje jambo linalowezekana, halafu chupa hiyo nikaipita bila kuiona."

Kando ya ukumbi kijana mwembamba akanyanyua mkono. Alijitaja kuwa Abdiqadir, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Garissa.

"Mwenyekiti, nataka kurekebisha hoja, si kuiua," alisema. "Mama yangu hana chupa ya bia, wala ya plastiki. Lakini ana birika. Kila mama ana chombo kimoja cha kuchemshia maji. Wodi ina jagi moja la kipimo. Mama alete chombo chake mwenyewe. Muuguzi apime lita moja kwa jagi, aimimine humo, akwaruze alama pale maji yanapofika. Halafu mama achanganye pakiti mwenyewe, muuguzi akiona. Hakuna kitu cha kununua."

Mwenyekiti alimgeukia Koki. "Mtoa hoja, unakubali marekebisho?"

Niliona Koki akisita. Ile ilikuwa karatasi yake. Alikosa usingizi kwa ajili yake wiki nyingi, na sasa mtu wa mbali alikuwa akiikata katikati mbele ya shule saba. Mama Muturi alikuwa amemwambia mapema: akija mtu na neno bora kuliko lako, likubali mbele ya watu, usilikubali kwa kununa.

"Ninakubali," Koki alisema. "Ni bora kuliko langu. Na ningependa tuongeze kwamba tuwaulize akina mama swali moja: nyumbani utapima na nini?"

Alifuta mstari wa chupa za plastiki, akaandika mpya palepale amesimama. Katibu akausoma kwa sauti. Wakiuru, yule aliyepinga, ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kupiga kura ya ndiyo. Sabini na nne walikubali. Tisa walikataa. Waliobaki hawakuwa upande wowote, na watu wa namna hiyo hawakosekani mahali popote.

Sasa usifikiri Jumatatu yake dunia iligeuka. Azimio lilipelekwa kwa matroni kwa barua. Mwezi mzima hakuna jibu. Koki alitaka kuvunjika moyo. Mama Muturi akamwambia, "Umepeleka, sasa fuatilia. Azimio lisilofuatiliwa ni karatasi ya kufungia karanga." Koki na Bwana Kinyanjui walikwenda kumwona matroni wa hospitali yao na yale majibu ya mama arobaini. Matroni aliyasoma mara mbili. Alikubali kujaribu katika wodi ya watoto kwa miezi mitatu.

Yule Sista, ambaye Koki alitaka ahamishwe, ndiye aliyesimamia. Mwanzoni alilalamika kwamba wodi imegeuka duka la vyombo. Akina mama walikuja na birika, masufuria, vibuyu, na bibi mmoja akaleta kopo la rangi, akarudishwa atafute jingine. Sista alikwaruza alama kwa msumari, mama baada ya mama. Miezi mitatu ilipokwisha, watoto waliorudishwa kwa sababu ya kipimo kibaya walikuwa watatu tu. Sista mwenyewe aliandika ripoti kwa matroni akiomba utaratibu huo uendelee. Tena wakaacha kuandika *Mama hakufuata maagizo* kabla ya kumuuliza mama.

Ndindi naye alipeleka sufuria yake ikatiwa alama, ingawa Ngui alikuwa mzima. Alichanganya pakiti mbele ya Sista kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Aliambiwa ampe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko, aendelee kumnyonyesha, na maji yakilala mpaka kesho yake ayamwage achanganye mengine. Alirudi akawaeleza wanawake wa mfereji. Wengine walisikiliza. Wengine walimtazama Mama Matheka kwanza, waone amekaaje.

Mama Matheka alikuwa ameacha kumlaumu Ndindi tangu siku ile ya maharagwe, lakini kuacha kulaumu si sawa na kuamini. Ndindi alilijua hilo, na lilimuuma.

Desemba, binti mkubwa wa Mama Matheka alitoka Machakos kuja Krismasi na mtoto wa mwaka mmoja. Siku ya pili mtoto akaanza kuhara. Macho yalikuwa yameanza kuingia ndani. Ilikuwa Alhamisi. Akina mama wa ushirika walikuwa wamejaa chumbani, vitambaa vyeupe vichwani. Koki alikuwa kazini, na Matheka safarini Mombasa. Kulikuwa na pakiti moja nyumbani, na Mama Matheka aliishika mkononi akaitazama kwa muda mrefu.

Kisha alitoka mpaka mferejini, mbele ya watu wote waliowahi kusikia yale maneno matatu.

"Ndindi," aliita. "Njoo wewe umchanganyie. Mimi sijui kipimo, na mtoto huyu simwachii mtu mwingine ila wewe."

Ndindi aliiacha nguo ndani ya karai. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akaingia ndani, na wale akina mama wa ushirika wakampisha njia.